Kujiandaa kuingia kambi ya kujitolea wakati wa janga: mwongozo kamili

Juni 2020, kambi moja ya vijana jimboni Georgia, Marekani, ilimdai kila anayeingia cheti cha kipimo kinachoonyesha hana virusi vya UVIKO-19, kipimo kisichozidi siku 12 kabla ya kufika. Watoto walipokelewa tarehe 21. Jioni ya tarehe 22 kijana mmoja wa wafanyakazi alishikwa na baridi ya homa. Tarehe 24 majibu yake yakatoka, na tarehe 27 kambi ikafungwa. Katika watu 344 ambao majibu yao yalipatikana, 260 walikuwa wameambukizwa. Walikuwa wakilala wengi chumba kimoja, wakiimba na kushangilia kila siku, na madirisha hayakufunguliwa.

Kati ya Juni na Agosti mwaka huohuo, kambi nne za kulala jimboni Maine zilipokea watu 1,022. Waliogunduliwa kuwa na virusi baada ya kuingia walikuwa watatu tu, na hawakumwambukiza mwenzao hata mmoja. Huko hawakuishia kwenye cheti. Watu walijitenga majumbani siku 10 hadi 14 kabla ya safari, wakapimwa, wakapimwa tena siku 4 hadi 9 baada ya kufika, wakaishi katika vikundi visivyochanganyikana na wakavaa barakoa.

Cheti huonyesha hali yako ya siku ile uliyopimwa. Hakijui utakaa na nani kwenye basi, wala nani atakuja kukuaga. Kwa hiyo maandalizi yenyewe ni wiki mbili kabla ya kufika na wiki moja baada ya kufika, na mengi ya yanayofuata hapa yanahusu siku hizo. Tumemlenga anayekwenda kulala bwenini na kula meza moja na wenzake kwa wiki au miezi: kwenye ujenzi wa shule, kituo cha watoto, shamba la jumuiya au kambi ya wakimbizi. Tumechukua UVIKO-19 kama mfano mkuu. Mwishoni tumeeleza kinachobadilika janga likiwa jingine.

Kabla ya kusaini: mwandikie mratibu

Uliza kwa maandishi, na majibu yaje kwa maandishi. Simu ni nzuri kwa salamu, ila ukiwa umelala na homa hakuna anayekumbuka kilichosemwa kwenye simu. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Habari za kazi, Mratibu. Nimepokea barua ya kukubaliwa, nashukuru sana. Kabla sijasaini naomba kufahamishwa mambo machache kuhusu afya na makazi ili nijiandae vizuri."

Halafu uliza haya:

- Kuna chumba cha kumtenga mgonjwa? Kina vitanda vingapi, dirisha linafunguka, na choo ni chake peke yake?
- Nani analipa vipimo, matibabu, na chakula cha siku za karantini? Posho inaendelea mtu akiwa ametengwa?
- Hospitali ya karibu yenye oksijeni ni ipi, na saa nane usiku gari ni la nani?
- Wapishi, walinzi na madereva wanalala kituoni au wanarudi makwao kila jioni?
- Wakaaji wanaruhusiwa kutoka mwisho wa wiki?
- Mpango ukisitishwa ghafla, nauli ya kurudi nyumbani ni ya nani?

Swali la wapishi na walinzi ndilo linalosahaulika. Kambi inaweza kuwafungia vijana 40 ndani kwa mwezi mzima huku watu sita wakiingia na kutoka kila siku kwa daladala. Usilaumu wafanyakazi hao, wana familia. Unachotaka kujua ni kama nao wanapimwa, wanapewa barakoa, na wanalipwa wakibaki nyumbani wakiumwa. Mpishi asiyelipwa akiugua atakuja kazini akikohoa.

Jibu la "usiwe na wasiwasi, tuko salama" halijajibu kitu. Uliza tena kwa upole. Kituo cha watu 30 chenye kitanda kimoja cha kutengea mgonjwa hakijajiandaa, hata kama tovuti yake inapendeza. Kama ni hivyo, ahirisha. Nafasi za kujitolea hurudi.

Wiki nane hadi nne kabla

Chanjo zina ratiba zake na hazikimbizwi. Homa ya ini aina ya B ni dozi tatu, kwa kawaida mwanzoni, baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita, kwa hiyo kabla ya safari utapata mbili tu, na hizo ni bora kuliko kutochanja. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hakiishi muda. Ukichanjwa siku tatu kabla ya kuvuka mpaka, unaweza kurudishwa ukiwa na kadi mkononi. Chanjo ya UVIKO-19 huhitaji kama wiki mbili mwili ujenge kinga. Hupunguza sana hatari ya kuugua vibaya, lakini aliyechanjwa bado anaweza kuambukizwa na kuambukiza, kwa hiyo haifuti hatua nyingine hapa. Ulizia pia pepopunda, hasa kama kazi ni ya majembe, mabati na misumari.

Kama unatumia dawa kila siku, iwe ya pumu, kisukari, shinikizo la damu, selimundu au ARV, ondoka na akiba ya miezi miwili au kiasi kikubwa utakachopewa, pamoja na barua ya kliniki yenye jina halisi la dawa na kipimo chake. Anayetumia ARV achukue barua ya uhamisho na kadi yake ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU), au ile ya kliniki yake kwa nchi nyingine. Dawa zikae kwenye begi la mkononi. Mwenye pumu abebe chombo chake cha kuvutia dawa hata kama hajakigusa mwaka mzima, kwa sababu vumbi la bweni na moshi wa jiko la kuni huiamsha.

Bima isome yote, hasa ukurasa wa visivyolipiwa. Kuna bima za safari zinazoondoa kabisa magonjwa ya mlipuko yaliyotangazwa. Ukiwa na NHIF ya Tanzania au SHA ya Kenya, thibitisha kama hospitali ile ya karibu na kituo inapokea kadi yako.

Weka akiba ya nauli ya kurudi pamoja na chakula cha siku 14, na usiiguse. Igawe: nusu kwenye simu, nusu taslimu. Mtandao wa pesa hukatika siku ambayo kila mtu anautaka.

Siku 14 za mwisho

Hesabu ya 14 haikubuniwa. Virusi vya UVIKO-19 huchukua siku 2 hadi 14 tangu mtu aambukizwe hadi dalili zitokee, mara nyingi karibu na siku ya 5, na kwa aina ya Omikroni mapema zaidi. Mtu huanza kuambukiza wengine kama siku mbili kabla hajajisikia lolote. Ukijitenga siku zote 14, karibu kila ulichokuwa nacho kitakuwa kimejitokeza ukiwa bado nyumbani.

Nyumba ya chumba kimoja na watu sita haiwezi kumpa mtu karantini ya kitabuni. Fanya linalowezekana. Lala karibu na dirisha, kichwa chako kikielekea miguu ya mwenzako. Kula nje, barazani au chini ya mti. Acha ibada za ndani, vijiwe vya kahawa na vibanda vya mpira. Sokoni aende mtu mmoja wa nyumba, mapema asubuhi, akiwa na barakoa. Nyumba nzima ikikusaidia kwa wiki mbili, ni sawa na umejitenga. Kama yupo ndugu anayefanya kazi ya konda au muuguzi, omba kulala kwa ndugu mwingine siku hizo.

Kinachoharibu mpango mara nyingi ni karamu ya kuaga. Shangazi anakuja kutoka wilaya nyingine, kuna pilau, watu 20 sebuleni, na kesho yake unapanda basi. Kama ni lazima kuagana, wakuage mwanzoni mwa siku 14 na si mwishoni, na iwe uani. Msiba ni jambo zito zaidi, na hatukuambii usiende. Nenda, kaa nje, vaa barakoa, na umjulishe mratibu ili kuhesabu siku kuanze upya.

Pima joto asubuhi na jioni, uandike kwenye daftari pamoja na dalili yoyote. Daftari hilo litakusaidia ukiulizwa langoni.

Kipimo: lini, na kipi

Usipime siku moja baada ya kukutana na mgonjwa ukashangilia majibu. Virusi bado ni vichache mno kuonekana. Siku ya 5 baada ya mkutano huo huonyesha zaidi. Kwa safari, PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi) ichukuliwe ndani ya saa 72 kabla ya kuondoka, kisha kipimo cha haraka cha antijeni asubuhi ya safari kama unakimudu. Antijeni hukosa baadhi ya wagonjwa, hasa wasio na dalili. Uzuri wake ni kwamba hutoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 30 na huwanasa vizuri wale wenye virusi vingi, ambao ndio hatari kwa bweni.

Upo mtego kwa aliyepona. PCR inaweza kuendelea kuonyesha virusi kwa wiki nyingi, hata hadi siku 90, wakati mtu haambukizi tena. Kama uliugua ndani ya miezi mitatu, nenda kwa daktari upewe barua ya kupona yenye tarehe ya kipimo cha kwanza, na umtumie mratibu kabla ya kupoteza fedha kwenye PCR nyingine.

Cheti kiwe na jina lilivyo kwenye kitambulisho au pasipoti, herufi kwa herufi. Hassan kwenye pasipoti na Hasani kwenye cheti vimewazuia watu mpakani.

Begi

Nguo na shuka unajua mwenyewe. Haya ndiyo ya janga:

- Barakoa tano za aina ya N95, KN95 au FFP2, yaani zile zinazobana uso na kuchuja hewa, na za hospitali za kawaida 50. Zile tano zivae kwa zamu, kila moja ipumzike siku tano ndani ya mfuko wa karatasi. Ukiiweka kwenye mfuko wa nailoni, unyevu haukauki na itaoza. Ndevu nyingi huacha upenyo pembeni, na barakoa ya aina hii inakuwa haina faida.
- Kipimajoto chako mwenyewe.
- Kipima oksijeni cha kidoleni, kimoja kwa watu wawili watatu mkichangishana.
- Sabuni ya kipande, miche miwili ya kufulia, na kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60. Chupa isiyoandikwa asilimia usinunue.
- Sahani, bakuli, kikombe na kijiko chako, vyenye alama.
- Chupa ya maji yenye mfuniko.
- Paracetamol vidonge 20 na pakiti sita za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini). ORS zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo usikadirie kwa mkono.
- Chandarua.
- Betri ya akiba ya simu. Chumba cha karantini mara nyingi hakina soketi inayofanya kazi.
- Karatasi moja yenye jina lako, kundi la damu kama unalijua, mizio, dawa unazotumia na namba mbili za ndugu. Nakala nyingine mwachie ndugu pamoja na namba ya mratibu.

Antibiotiki usibebe kwa kubahatisha. Haziui virusi.

Njiani

Chagua basi la mchana, kiti cha dirishani, na dirisha liwe wazi hata jirani akilalamikia upepo, mpe leso. Barakoa nzuri ivae safari hii, kwa sababu hapa ndipo inapofanya kazi kubwa kuliko siku yoyote. Kula basi likisimama, nje, mbali na foleni ya mgahawa. Kama safari inapita usiku kucha na kuna njia ya kuigawa kwa kulala kwa ndugu, usiigawe. Nyumba mpya ni watu wapya.

Wiki ya kwanza kituoni

Siku ya kufika uanze kuhesabu sifuri. Vituo vizuri hupima tena siku ya 5 hivi, na hadi hapo kila kikundi hula, hulala na kufanya kazi peke yake. Kama kituo hakina utaratibu huo, pendekezeni wapya wenyewe. Watu wanane wanaokubaliana kukaa pamoja wiki moja hawahitaji ruhusa ya wizara.

Bweni. Vichwa viachane mita mbili. Chumba kikiwa kidogo, mpangilio wa kichwa na miguu hufikisha umbali huo bila kuhamisha kitanda. Kwa vitanda vya deka, wa juu aelekeze kichwa upande ulipo miguu ya wa chini. Madirisha mawili yanayotazamana yakiwa wazi, hewa hupita. Moja pekee halitoshi. Usiku watu huyafunga kwa sababu mbili, mbu na wezi, na zote zina dawa: wavu wa waya dirishani, chandarua kitandani, nondo imara. Zungumzia jambo hili siku ya kwanza, kwa sababu usiku wa tatu kila mtu amezoea joto na hakuna atakayeinuka kulifungua. Feni ya darini kwenye chumba kilichofungwa huzungusha hewa ileile.

Mezani. Hapa barakoa huvuliwa na mazungumzo hupamba moto, kwa hiyo ndipo maambukizi yanapopata nafasi. Kuleni nje. Mvua ikinyesha, kuleni kwa zamu. Chakula agawe mtu mmoja mwenye barakoa, si kila mtu kupitisha mkono kwenye sufuria moja. Ugali wa sinia moja uache kwa miezi hii. Wazee watanuna, lakini wataelewa.

Nyimbo za jioni ziwe uwanjani. Tarehe 10 Machi 2020, katika mazoezi ya kwaya moja jimboni Washington, watu 61 walikusanyika ukumbini kwa saa mbili na nusu wakiwemo mgonjwa mmoja mwenye dalili. Baadaye 52 wengine waliugua au kudhaniwa kuugua, na wawili wakafariki. Kuimba hutoa matone laini mengi kuliko kuongea.

Maji na klorini. Pale pasipo bomba, kibuyu chirizi karibu na choo na kingine karibu na jiko vinatosha watu wengi, ilimradi kuna mtu wa zamu ya kujaza maji na kurudisha sabuni. Mikono isuguliwe sekunde 20. Kusafisha vitasa, meza na mabomba, tumia Jik au dawa nyingine yenye klorini ya asilimia 3.5: mililita 30 kwenye lita moja ya maji hutoa karibu asilimia 0.1. Kwa matapishi na damu, sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji, ambayo ni asilimia 0.5. Uchafu uondolewe kwanza kwa sabuni, kwa kuwa klorini huishia kwenye uchafu kabla ya kufika kwa vijidudu. Changanya mpya kila siku, weka kivulini, na kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi: hutoka gesi inayochoma mapafu. Usimnyunyizie mtu mwilini.

Ukianza kujisikia vibaya

Sema siku hiyohiyo. Vijana huficha homa kwa kuogopa kurudishwa, na wakati wa kuificha ndipo wanapoambukiza zaidi. Ndiyo maana uliulizia posho ya karantini tangu mwanzo.

Homa huku kwetu ina majina mengi. Pima malaria kwa kipimo cha haraka hata kama kila kitu kinaonekana UVIKO, na pima UVIKO hata kama malaria imeonekana, kwani vyote viwili hukaa ndani ya mtu mmoja. Ingia chumba cha kutengwa ukingoja majibu. Chakula kiachwe mlangoni, dirisha liwe wazi, na mtu mmoja tu awe mhudumu wako, mwenye barakoa nzuri na asiye na ugonjwa sugu.

Pima oksijeni mara tatu kwa siku ukiwa umekaa na mikono ina joto. Rangi ya kucha na hina nyeusi huvuruga kipimo, kwa hiyo wenye hina watumie kidole kisichopakwa. Kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo tazama mwelekeo: aliyekuwa asilimia 98 asubuhi akawa 94 jioni anahitaji mganga hata kama anasema yuko sawa. Chini ya 90, kupumua kwa shida, kifua kubana, kuchanganyikiwa au midomo kugeuka rangi, gari liwashwe bila kungoja asubuhi.

Mwaka 2020 na 2021 siku za kutengwa zilizotumika sana zilikuwa 10 tangu dalili zianze. Nchi nyingi zilizipunguza baadaye. Fuata agizo la wizara ya nchi uliko, na bwenini ongeza barakoa hadi siku ya 10.

Janga likiwa jingine

Kwa Ebola na Marburg hesabu ni siku 21, na njia ni kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti. Madirisha hayakusaidii sana huko. Kinachosaidia ni kutogusana, kutoosha maiti, na kutoa taarifa mapema. Uganda ilitangaza Ebola Septemba 2022 na Tanzania ikatangaza Marburg mkoani Kagera Machi 2023. Aliyekuwa akielekea maeneo hayo alipaswa kuahirisha. Kwa mpox pia hesabu ni siku 21, na hatari kubwa ni ngozi kwa ngozi, shuka na taulo: usiazimane nguo. Kipindupindu huja ndani ya saa chache hadi siku tano, na hapo jambo la kwanza ni maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na choo.

Mpango ukifungwa

Machi 2020 shirika la kujitolea la Marekani, Peace Corps, liliwaondoa karibu watu 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60, wakiwemo waliokuwa Tanzania, Uganda na Rwanda. Halikuwahi kufanya hivyo tangu lianzishwe mwaka 1961, na wa kwanza kurudi walirudi Machi 2022. Kenya ilifunga ndege za abiria za kimataifa kuanzia tarehe 25 Machi hadi 1 Agosti 2020, na kuanzia Aprili hadi Julai kutoka na kuingia eneo la Nairobi kulizuiwa. Aliyechelewa siku mbili alikaa alipokuwa.

Kwa hiyo amua mapema, na ndugu wajue: ikitangazwa kufungwa, unarudi au unabaki? Kurudi kunafaa kama nyumbani hakuna mzee au mgonjwa na nauli ipo. Kubaki kunafaa kama kituo kina chakula cha mwezi, maji na daktari wa karibu. Ukirudi, rudi ndani ya saa 48 za kwanza, kabla stendi hazijajaa, na ulale chumba cha peke yako siku 14 kama ulivyofanya ulipokuwa unaondoka. Omba barua ya utumishi siku hiyohiyo, yenye tarehe ulizofanya kazi na muhuri, maana ofisi ikifungwa kuipata kunaweza kuchukua miezi.